Akubali Kosa Ili Yaishe? Jibu kwa Mama wa Kijana Aliyekamatwa Kwenye Maandamano

Swali: "Wakili, mwanangu ana umri wa miaka 23 na anajitolea katika kituo cha haki za kijamii hapa Mathare. Alikamatwa siku ya Alhamisi, mwendo wa saa sita mchana, katika Moi Avenue, akiwa na bango na chupa ya maji. Nilizunguka vituo vinne vya polisi nikiambiwa hayupo, nikampata katika cha tano Ijumaa jioni. Alifikishwa mahakama ya Milimani Jumatatu alasiri, akashtakiwa kuzua vurugu, akakana, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 20,000 ambazo nilikopa kwenye chama. Simu yake ingali kwa polisi. Sasa kuna afisa anayetupigia akisema kijana abadilishe jibu lake, akubali kosa, alipe faini kidogo na mambo yaishe, kwani hata maandamano yenyewe hayakuwa na kibali. Nimechoka, na majirani wananicheka. Je, akubali?"

Jibu: Mama, pole kwa siku hizo nne, na nakushukuru kwa kuandika kwa mpangilio wa siku na saa, kwa sababu siku na saa ndizo zitakazowasaidia zaidi. Jibu langu ni kwamba asikubali. Silitoi kirahisi, kwa kuwa si mimi nitakayepanda matatu kila mara kesi inapotajwa. Ni wewe na yeye. Kwa hiyo nitakueleza kwa urefu ninavyoliona jambo hili, ili uamuzi mtakaoufanya uwe wenu na uwe na msingi.

Tuanze na maneno ya afisa. Anasema kijana akikubali mambo yataisha, na kwa siku hiyo moja ni kweli yataisha: maelezo ya kosa yatasomwa, hakimu atamtia hatiani, faini italipwa, na jioni mtakuwa nyumbani mkinywa chai. Asichowaambia ni kwamba kukubali ni kujitia hatiani kwa mdomo wako mwenyewe, na kwamba hatia hiyo inabaki kwenye rekodi pamoja na alama za vidole zilizochukuliwa kituoni. Siku atakapoomba kazi ya ulinzi, ya kufundisha, au ya kusafiri kwenda nchi za Ghuba, ataambiwa alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na hapo ndipo ile faini ndogo itakapoanza kudai riba. Zaidi ya hayo, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamzuia mtu aliyekubali kosa kukata rufaa kuipinga hatia yenyewe. Anachoweza kulalamikia ni uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Nimeketi na vijana waliolipa faini za aina hiyo kwa kuchoka, wakarudi baada ya miaka miwili kuniuliza kama zinaweza kufutwa, na kazi ya kuwaeleza imekuwa miongoni mwa kazi nzito kwangu.

Kisha kuna hili la kibali. Neno hilo limetamkwa mara nyingi mno na watu wenye magwanda hata raia wenyewe wameliamini. Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Hakuna mahali ibara hiyo inapotaja ruhusa. Inayozungumza kuhusu polisi ni Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni, mwaka 1950. Kifungu chake cha 5 kinataka anayeitisha mkutano wa hadhara au maandamano ampelekee mkuu wa kituo cha polisi notisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya tukio, na kinataka shughuli yenyewe iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Notisi ni taarifa. Mtu anayekutaarifu kwamba kesho atapita mbele ya nyumba yako hakuombi njia. Tena wajibu wa kupeleka taarifa hiyo uko kwa aliyeitisha maandamano, haumfuati kila mtu aliyeshika bango mpaka aonyeshe karatasi mfukoni. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ambao Kenya imefungwa nao tangu miaka ya 1970, ilieleza mwaka 2020 kwamba kukosekana kwa notisi peke yake hakuyafanyi maandamano ya amani kuwa haramu.

Tazama sasa karatasi ya mashtaka, na kama huna nakala yake, wakili wenu aiombe kesho. Shtaka la kuzua vurugu kwa kawaida huandikwa chini ya kifungu cha 95(1)(b) cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi sita. Kumbuka hiyo miezi sita. Ibara ya 49(2) ya Katiba inasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Maana yake ni kwamba, ikiwa hilo ndilo shtaka pekee alilosomewa mwanao, hakukuwa na sababu ya uhuru wake kufungiwa nyuma ya shilingi 20,000. Wakili wenu anaweza kumwomba hakimu apitie upya masharti ya dhamana, kijana ajidhamini mwenyewe kwa sahihi yake, na fedha za chama zirudi kabla kesi haijaisha. Sisemi hakimu hatakataa. Nasema ni ombi lenye mguu wa kusimamia, na katika pilikapilika za Jumatatu alasiri, wakati kizimba kimejaa na kila mshtakiwa ana dakika chache, mara nyingi hakuna anayekumbuka kulitoa.

Lakini jambo zito kuliko yote katika barua yako ni saa. Ibara ya 49(1)(f) inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa kwake. Ila saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haiketi, muda unasogea hadi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Ni katika mlango huo ambapo ile inayoitwa jijini Nairobi kamatakamata ya Ijumaa ilizaliwa: ukikamatwa Ijumaa jioni, utalala ndani hadi Jumatatu, na polisi watasema sheria imewaruhusu. Mwanao, hata hivyo, hakukamatwa Ijumaa. Alikamatwa Alhamisi saa sita mchana, saa zake 24 ziliisha Ijumaa saa sita mchana, na Ijumaa saa sita mchana mahakama zilikuwa wazi na mahakimu walikuwa vitini. Wikendi haikuwa imeingia. Kutoka katikati ya jiji hadi Milimani ni mwendo ambao mtu mwenye afya anautembea kwa miguu. Kwa hiyo kila saa aliyokaa ndani baada ya hapo, usiku wa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na asubuhi yote ya Jumatatu, ilikuwa nje ya Katiba, na wanaopaswa kuieleza ni waliomshikilia.

Lazima niwe mkweli kwako kuhusu matokeo yake, maana watu wengi hudhani kwamba kucheleweshwa kunaifuta kesi. Ilikuwa hivyo kwa muda mfupi zamani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2010, msimamo ni kwamba kushikiliwa kupita muda ni dhuluma inayojitegemea, na dawa yake ni fidia. Shtaka lenyewe linaendelea na kupimwa kwa ushahidi wake. Basi mna njia mbili sambamba: kujitetea katika kesi ya jinai pale kwa hakimu, na kufungua ombi katika Mahakama Kuu chini ya Ibara za 22 na 23 kudai kwamba haki zake zimevunjwa. Hapo ndipo unapoona kwa nini kuna haraka ya kumtaka akubali kosa. Mtu aliyesimama mahakamani akasema "ni kweli nilizua vurugu" ataingia katika ombi la fidia akiwa amejivua nusu ya nguo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa usiku katika kituo kimoja cha polisi hapa jijini, ambacho sitakitaja. Juu ya kaunta kulikuwa na rundo la mikanda, kamba za viatu na viatu vya mguu mmoja mmoja, vya vijana waliokuwa wamejazwa seli baada ya maandamano. Nikamwuliza afisa wa zamu kama wateja wangu wapo, akafungua kile kitabu kikubwa cha matukio ambacho sote tunakiita OB, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akasema hawapo. Kando yangu alisimama mama mmoja aliyeshika chupa ya chai, akanyoosha mkono na kugusa kiatu kimoja cheusi cha raba katika lile rundo, soli yake ikiwa imeshonwa kwa uzi wa bluu. "Hiki nilikishona mimi," alisema. Afisa alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu. Jina la mwanawe liliandikwa kwenye OB mbele ya macho yetu, na saa iliyoandikwa ilikuwa ya wakati ule ule, si ya mchana alipokamatwa. Yule mama alikuwa ameandika saa halisi kwa wino kwenye kiganja chake, kama alivyoambiwa na wenzake waliokuwapo, na baadaye kiganja hicho, tulichokipiga picha, kilitusaidia kuliko hotuba yangu yoyote.

Nakusimulia hayo kwa sababu katika kesi za namna hii, ushahidi hupotea katika siku chache za mwanzo, na nyingi zako zimeshapita. Keti na mwanao leo, mwandike kila anachokumbuka: mahali alipokamatwa, kama waliomkamata walikuwa na sare, kama walimwambia sababu, gari lilikuwa la aina gani, vituo alivyopitishwa. Kanuni zilizo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 zinamtaka afisa mwenye sare avae jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana, kwa hiyo kutojua jina la aliyekukamata nako ni jambo la kuandikwa. Wewe nawe andika majina ya vituo vinne ulivyokataliwa na saa ulizofika. Kama ulimtumia mtu nauli kwa M-Pesa ukiwa njiani, ujumbe ule una saa na dakika, usiufute. Waulize waliokuwa naye kama wana video, na waitunze kama ilivyorekodiwa, bila kuikata. Kuhusu OB, ombeni kwa barua nakala ya ukurasa wa siku ile; Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 zinawapa haki ya kuomba, na hata wakikataa, barua yenye muhuri wa kupokelewa itawafaa mbele ya jaji. Ikiwa alipigwa, apelekwe hospitali, majeraha yaandikwe, na fomu ya polisi ya majeraha, P3, ijazwe hata kama uvimbe umeanza kushuka.

Afisa anayewapigia simu asinyimwe adabu, lakini asipewe kijana. Kwa sheria hiyo hiyo ya polisi, kifungu cha 52, afisa anayemhitaji mtu kwa ajili ya upelelezi humwita kwa maandishi. Mwambieni kwa upole alete wito ulioandikwa, wenye jina lake na kituo chake, na kwamba mwanao atafika akiwa na wakili. Andikeni nambari aliyopigia, tarehe na maneno aliyoyasema. Mwanao akifika, ana haki ya kunyamaza, na hakuna anachokiri mbele ya afisa wa kawaida kitakachosimama mahakamani: kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria asiye mpelelezi wa kesi, pamoja na mtu mwingine ambaye mshtakiwa amemchagua. Simu nayo haikuchukuliwa ili ikae. Kama ni kielelezo, iorodheshwe hivyo. Kama si kielelezo, wakili aombe amri ya kuirudisha. Asiitaje nywila yake kwa sababu tu mtu amemkazia macho, kwa kuwa yaliyomo ndani ya simu yanalindwa na Ibara ya 31, na njia ya kuyafikia inapitia mahakamani.

Najua utasema: haya yote yanahitaji wakili, na mimi nauza mboga. Usikubali umaskini ndio uamue kesi hii. Chama cha Mawakili cha Kenya kimekuwa kikituma mawakili wa kujitolea katika vituo vya polisi nyakati za maandamano. Ndivyo ilivyokuwa Juni na Julai 2024, wakati Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipohesabu, kufikia tarehe 1 Julai, watu 39 waliouawa na 627 waliokamatwa. Muungano wa watetezi wa haki unaojulikana kama Defenders Coalition husaidia watu walio katika hali ya mwanao, shirika la IMLU husaidia kwa upande wa matibabu na ripoti za majeraha, na IPOA ndiyo mamlaka ya kisheria ya kupokea malalamishi dhidi ya polisi. Kituo anachojitolea mwanao kwa hakika kinawafahamu wote hao. Wala asiambiwe kwamba yeye si mtetezi wa haki kwa kuwa hana shahada wala kitambulisho cha shirika: Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lililopitishwa tarehe 9 Desemba 1998, linamtambua kila mtu anayetetea haki kwa njia ya amani, peke yake au pamoja na wenzake.

Kesi yenyewe itakwendaje? Upande wa mashtaka una jukumu la kuthibitisha, bila shaka ya maana, kwamba yeye binafsi alifanya fujo ya kiwango cha kuhatarisha amani. Bango si fujo, na chupa ya maji si silaha. Wakili aombe mapema taarifa za mashahidi, ambazo Katiba inamruhusu kuzisoma kabla ya kesi kusikizwa. Kesi nyingi za aina hii ninazozifahamu hufa kwa ukimya: shahidi hafiki, faili haipo, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, hadi kiongozi wa mashtaka anaposimama na kuiondoa. Hapo muwe macho. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kabla hajaanza kujitetea, ataachiliwa, lakini anaweza kukamatwa tena kwa madai yale yale. Kama mashahidi wameshaanza kusikizwa na hakuna lililothibitishwa, ni heri wakili aombe uamuzi wa kwamba hana kesi ya kujibu chini ya kifungu cha 210 cha sheria hiyo hiyo, maana huko ndiko kufutiwa mashtaka kikamilifu. Tofauti ya nambari hizo mbili haionekani siku ile watu wanapokumbatiana nje ya mahakama. Huonekana baadaye, cheti cha mwenendo kinapotoka.

Kuchoka kwako sikuoni kama udhaifu. Adhabu halisi katika mambo haya haiko katika hukumu. Iko katika nauli, vibarua vilivyokosekana, deni la chama na usingizi. Mtu hachoki kwa bahati mbaya, na ndiyo maana mwepesi wa kuchoka huwa ndiye anayepigiwa simu. Mpunguzieni mzigo: wakili aombe tarehe zisizokaribiana mno, na kijana asikose kufika hata moja, kwa kuwa kutofika huzaa hati ya kukamatwa na kuipoteza dhamana. Na majirani wanaokucheka kwa kuzunguka vituo vya polisi, wakumbushe Februari 1992, pale Uhuru Park, kwenye kona ambayo hadi leo inaitwa Freedom Corner. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi hapo na Wangari Maathai wakitaka wana wao waachiliwe. Polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi mwezi Machi, baadhi yao wakavua nguo kwa uchungu, kisha wakahamia Kanisa la All Saints wakaendelea kukaa. Kufikia mwaka uliofuata wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiliwa. Walikuwa wanawake wa makamo na wazee, na walichekwa pia.

Umeuliza kuhusu kesi, lakini kuna hofu moja katika barua yako ambayo hukuiandika, nayo ni ile ya siku ambayo vituo vyote vitano vitasema hayupo. Siku hiyo usingoje asubuhi. Ibara ya 51(2) inakuruhusu kuomba amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji, na Ibara ya 25 inaitaja haki hiyo miongoni mwa chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Wanaume watatu waliochukuliwa Kitengela tarehe 19 Agosti 2024, mmoja wao mwanaharakati, walitafutwa kwa njia hiyo. Polisi walikana kuwa nao. Jaji alimwita kaimu Inspekta Jenerali mara kadhaa bila yeye kufika, na tarehe 13 Septemba akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Tarehe 20 Septemba wanaume hao walipatikana wakiwa hai. Hukumu ile iliondolewa baada ya mkuu huyo kujitokeza mahakamani, na wapo waliokasirika. Kwangu mimi lililo kubwa ni kwamba familia zao hazikukubali neno "hayupo" liwe mwisho wa mazungumzo.

Jambo la mwisho ni dogo, ila linahusu fedha za wenzako. Dhamana ya taslimu si faini. Kesi ikiisha na kijana akiwa amefika kila alipotakiwa, hurudishwa kwa aliyeiweka. Angalia leo risiti ina jina la nani. Ikiwa ina jina lako, ipige picha, mpe wakili nakala, na ile yenyewe uiweke pamoja na kitambulisho chako; ikiwa jina limekosewa hata herufi moja, nenda kwenye ofisi ya mahakama iliyoitoa irekebishwe sasa, kabla faili haijahamishwa. Kisha mwambie katibu wa chama kwamba fedha zipo, na umwonyeshe.